SOMO: Ukimkuta punda anateswa mtaani kwako, kesi inaanzia mwilini mwake

Wengi mnauliza adhabu ya mtu anayempiga punda ni kiasi gani. Mnaanza na mwisho. Sheria tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inambebesha wajibu mwenye mnyama pamoja na aliyekabidhiwa kumtunza. Kinachoziua kesi hizi ni muda. Kidonda hupona. Punda akilishwa wiki tatu mfululizo anajaa, mashahidi nao wanaanza "sikuona vizuri, kulikuwa na jua". Siku ya kusikilizwa analetwa punda anayeng'aa, hakimu ataona nini?

Nazungumzia punda kwa sababu ndiye tunayeishi naye hapa Tanga, kuanzia mikokoteni ya mjini hadi wabeba maji wa Handeni na Kilindi. Farasi kwetu ni wa kuhesabika, ila haya yote yanamhusu naye.

1. Tazama kwanza

Ukianza kupiga kelele, mwenye punda anamwingiza uani na kufunga geti, na hapo umekwisha. Simama pembeni utazame. Punda huficha maumivu, ndiyo maumbile yake. Ukimya wake usikudanganye. Angalia masikio yaliyolegea, kichwa kilichoinama muda wote, mguu mmoja anaokwepa kuukanyagia, kwato zilizorefuka mpaka zikapinda.

Kisha soma vidonda, maana mahali pa kidonda panataja chanzo chake. Vilivyo juu ya shingo na mabegani mara nyingi vimeletwa na nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu ya kuizuia nira, punda hana. Yeye husukuma kwa kifua, anahitaji mkanda mpana wa kifuani. Vidonda vya uti wa mgongo vinasema hakuna matandiko, au ni gunia moja limetupiwa tu. Chini ya mkia ni kamba. Kuzunguka miguu, juu ya kwato, ni kufungwa na kamba ya plastiki usiku kucha. Michirizi ya mapajani na kiunoni, mipya ikiwa juu ya makovu ya zamani, hiyo ni fimbo, tena fimbo ya mazoea. Mchanganyiko huo wa vipya na vya zamani ndio unaomnyima mtu nafasi ya kusema "nilimchapa mara moja tu, alikuwa mkaidi".

Mzigo nao unapimika. Kwa mgongoni, kipimo kinachotumika ni theluthi ya uzito wa punda. Punda wetu wa kilo 150 abebe kilo 50. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, kwa hiyo madumu manne ni kilo 80 kabla hujahesabu matandiko. Andika idadi ya madumu au mifuko, usiandike "mzigo mkubwa". Mkokoteni ni hesabu nyingine, inategemea magurudumu, mlima na hali ya barabara. Hapo acha mtaalamu aseme.

2. Piga picha kama shahidi

Punda mzima kwanza: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ndipo usogelee vidonda, ukiweka kando kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, sarafu au kiberiti. Mpige picha mzigo ukiwa bado juu yake. Piga na mahali: kibao cha duka, nguzo ya umeme, kona ya barabara. Usichore mishale wala kuandika maneno juu ya picha. Picha halisi zibaki kwenye simu iliyozipiga, kwani zikizungushwa WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa za tarehe na saa.

Na usimrushe mtu mtandaoni. Najua inauma, najua vijana mnaona bila kusambaza hakuna kinachosogea. Lakini tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukimwanika mtu uso kabla hajashtakiwa, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejieleza, na punda amesahaulika.

3. Mwite mwenyekiti wa mtaa

Vijijini, mwite mtendaji. Wapo wanaoidharau hatua hii. Mimi namthamini mwenyekiti aliyekuja akaona kwa macho yake kuliko video ya dakika kumi, kwa sababu huyo ni vigumu kumwambia ana chuki za ujirani.

4. Ripoti ya daktari wa mifugo, siku hiyohiyo

Hapa ndipo nataka mkae. PF3 mliyoizoea, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ni ya binadamu. Kwa punda, karatasi inayosimama mahakamani ni ripoti ya mtaalamu. Anza na afisa mifugo wa kata, naye amwite daktari wa mifugo wa halmashauri. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na namba yake ionekane kwenye ripoti pamoja na muhuri.

Ripoti yenye sentensi "punda ana hali mbaya" haifai kitu. Mwombe kwa heshima aandike: jinsia, rangi, umri kwa kutazama meno, namba ya hereni ya utambulisho ya sikioni kama anayo, makadirio ya uzito, na hali ya mwili kwa alama za 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni aliyenenepa kupita kiasi. Idadi ya vidonda, kila kimoja kiko wapi, kina upana gani, ni kipya au cha siku nyingi. Mwisho maoni yake mwenyewe: vidonda hivi vinalingana na chanzo gani, na je, mnyama huyu alifaa kufanya kazi siku hiyo? Swali hilo la mwisho ndilo linalomfunga mtu.

Tanga tumebahatika. Chuo cha mifugo cha LITA kiko Buhuri, na TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kituo chao hapa. Mkikosa pa kuanzia, waulizeni, watawaelekeza. Ila mwenye mamlaka ya kukagua ni ofisa wa serikali, msimsukume mwanafunzi wa watu akaingie kwenye ua wa mtu.

5. Polisi

Fungua taarifa, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Eleza tarehe, saa, mahali na ulichokiona wewe. "Nasikia kila siku anampiga" mwachie aliyesikia aje aseme mwenyewe. Punda akichukuliwa kuwa kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, omba makabidhiano yaandikwe: nani anamtunza, wapi, kwa gharama ya nani.

Usimfungue punda usiku ukampeleka kwenu, hata kama moyo unakutuma. Huo utaitwa wizi wa mifugo, kosa zito, na mtesaji atageuka mlalamikaji.

6. Punda mwenyewe

Mwenye njaa ya muda mrefu asipewe ndoo ya pumba. Huruma hiyo humletea msokoto wa tumbo au kuvimba ndani ya kwato, na anaweza kufa mikononi mwenu. Mpe maji safi na majani makavu, kidogokidogo, mara nyingi. Asiachwe pia bila kula kabisa: punda akigoma chakula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumdhuru ini. Kama alikuwa na mwenzake, wakae pamoja, maana kutenganishwa peke yake kunaweza kumfanya asusie chakula.

Vidonda vioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo. Oili chafu hapana. Maji ya betri hapana, na msiniambie babu yenu alikuwa anatumia. Daktari aulizwe kuhusu kinga ya pepopunda, kwa kuwa punda na farasi hushikwa nao kwa urahisi. Akiwa anang'ata hovyo, anatoka mate au hawezi kumeza, msimguse kabisa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa.

7. Nani ashtakiwe

Mara nyingi anayekamatwa ni kijana mwenye fimbo. Swali langu la kwanza huwa: punda ni wa nani, na hesabu, yaani fedha ya kumpelekea mwenye punda kila jioni, ni kiasi gani? Biashara ya mikokoteni inaendeshwa kama bodaboda. Tajiri ana punda kadhaa, anawakabidhi vijana, jioni anataka hesabu yake. Hajali kama mvua imenyesha au punda anachechemea. Kijana asipofikisha, kesho punda anapewa mwingine. Ukimfunga kijana peke yake, Jumatatu punda yuleyule yuko barabarani na kijana mpya.

Kwa hiyo ushahidi wa umiliki ukusanywe pamoja na wa vidonda. Hereni, majirani wanaojua punda hulala kwa nani, jumbe za simu za malipo kama kijana yuko tayari kuzitoa. Kijana huyo anaweza kuwa shahidi wenu bora kuliko mshtakiwa wenu. Zungumzeni naye vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA (jina la mbele ni mahali anakotoka muulizaji)

Makorora: Shikamoo mzee. Huku kwetu anayeendesha punda ni mtoto, hata miaka kumi na miwili sidhani. Anampiga kweli, lakini naona aibu kumripoti mtoto.

Marahaba binti yangu. Usimripoti kama mkosaji. Hapo kuna mambo mawili. Habari za mtoto zipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa watoto. Habari za punda zifuate hatua nilizotaja, zikimlenga aliyemkabidhi mtoto mnyama na hesabu.

Handeni: Mzee, jirani yangu ana punda amekonda mpaka mbavu unazihesabu kwa mbali. Hampigi. Ni mtu maskini, mjane. Na huyo tumpeleke polisi?

Hapana jamani. Nafurahi umeuliza. Punda hukonda kwa minyoo, kwa meno yaliyochongoka asiweze kutafuna, na kwa nagana inayoletwa na mbung'o, ambao kwenye mapori ya mkoa wetu si wageni. Mwite afisa mifugo ampime. Huyo mama anahitaji dawa na mkanda wa kifuani, kamanda wa polisi hana cha kumsaidia. Akipewa dawa na maelekezo, akawa na uwezo, na bado akamwacha punda vilevile, hapo tutaongea mengine.

Pangani: Nilikwenda kituoni nikaambiwa "punda tu? Kuna kesi za watu hapa." Nikarudi nyumbani.

Usibishane kaunta. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa daktari wa mifugo wa wilaya na kwa mkuu wa kituo, ambatisha ripoti na picha. Peleka kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mtu anayesema "punda tu" kwa mdomo hatakubali kuliandika.

Kilindi: Mzee, sisi punda wetu waliibwa, tukakuta mizoga imechunwa ngozi porini. Hili nalo ni ukatili au ni wizi?

Yote mawili, poleni sana. Ngozi zinatafutwa kwa ajili ya ejiao, dawa ya Kichina inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kulizungumzia, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ninyi ripotini polisi haraka, mizoga isiguswe kabla haijapigwa picha, na muulize nani amepita na gari usiku huo na kama alikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo. Punda waliobaki wavisheni hereni. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo mliopoteza hawarudi upesi.

Duga: Kaka mkubwa, samahani. Si rahisi tuchange tu tumnunue punda, tumwondoe kwenye mateso, kuliko huu mzunguko wote?

Mdogo wangu, ukimlipa, kesho hela yako inamnunulia punda mwingine mnadani, na huyo mpya utamchangia nani? Mchango wenu uwekeni kwenye nauli ya daktari, dawa na majani ya punda akiwa kidhibiti. Hapo ndipo kesi nyingi hukwama kwa kukosa mtu wa kulipa. Kabla ya hukumu, mwendesha mashtaka aambiwe mapema kwamba yupo mtu tayari kumpokea punda, mwenye uwanja, kivuli na punda mwingine wa kukaa naye. Hakimu akiuliza "akitoka hapa aende wapi?", jibu liwe na jina la mtu na mtaa wake. Mwenye nafasi Mwahako au Pongwe aniandikie faragha.