Unatafuta 4x4 ya njia mbovu? Anza kuangalia chini ya gari, bodi baadae

Wakuu, mwaka juzi mwezi wa nne mjomba wangu alikwama njia ya Ifakara kwenda Malinyi na gari aliyoinunua wiki tatu tu nyuma, na naanza na hilo maana ndo limenifanya niandike huu mwongozo. Injini ilikuwa nzima kabisa, bodi inang'aa, viti vya ngozi, tairi mpya zenye meno makubwa. Akaingia kwenye lile tope jeusi la bonde la Kilombero, akaweka L4 (gia nzito ya magurudumu manne), akakanyaga mafuta, mara chini ya sakafu pale katikati ikaanza ka-ka-ka-ka kama mtu anagonga nyundo na gari haisogei hata hatua moja. Cheni ya ndani ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ilishalegea, inaruka meno. Walivutwa na trekta, gari ikalala Ifakara siku kumi na moja inasubiri transfa ya mtumba kutoka Dar. Na ile kelele tungeisikia siku ile ile ya kununua kama tungeijaribu L4 dakika mbili tu kwenye mchanga, lakini wote tulifungua boneti tukasikiliza injini, tukaridhika.

Wengi tunakosea hapo hapo. Injini ikisumbua porini mara nyingi fundi wa kijijini atakuokoa, filta ya dizeli imeziba, mpira umekatika, betri imelala, utafika. Ila difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ikisaga meno au transfa ikipasuka hapo hamna ujanja, ni kuvutwa. Kwa hiyo kama gari unayotafuta ni ya shamba, ya mgodi, ya kupanda milima ya Lushoto au Mahenge masika, linganisha gari kwa vitu vinavyopeleka nguvu kwenye matairi: giaboksi, transfa, propela (shafti ndefu inayopita chini ya gari), difu, ekseli. Mengine yafuate.

Kitu cha kwanza kujua ni mfumo wa hiyo 4x4, maana kibandiko cha nyuma kimeandikwa 4WD kwenye gari zinazofanya kazi tofauti kabisa.

Kuna hizi za pati taimu, yani Land Cruiser 70 zote (mkonga, pikapu, ile fupi), Hilux, Patrol Y61, Jimny. Hizi kawaida zinavuta nyuma tu, ukiweka H4 (magurudumu manne, gia ya kawaida) propela ya mbele inafungwa moja kwa moja na ya nyuma, katikati hamna difu. Vitu vya kuharibika ni vichache na ndo maana 70 imeanza kutengenezwa 1984 na mpaka leo utaikuta kwenye hospitali za vijijini na hifadhini. Ile ya injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, nguvu yake ni ya kawaida tu, na kwangu mimi hiyo ni faida kubwa kwa sababu giaboksi na difu zake ni kubwa kuliko hiyo nguvu zinayoipokea, zinafanya kazi bila kuteseka. Ukikuta mtu ameifunga turbo ya kienyeji ili ikimbie, jua chini kunapokea mzigo ambao haukupangwa, angalia difu mara mbili.

Ila pati taimu ina adui mmoja, lami kavu. Ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na kama zimefungwa pamoja lazima kitu kitelezeshwe, kwenye tope tairi inateleza hamna shida, kwenye lami tairi inashika kwa hiyo presha yote inarudi kwenye transfa na krosi jointi (viungo vya propela). Muulize muuzaji kirafiki tu, "hii H4 unaitumiaga wapi?" Akikwambia anaiweka akiwa safari ya Dar Dodoma ili gari itulie barabarani, we shukuru uondoke.

Kwenye mkonga na Patrol nyingi angalia habu za mbele katikati ya gurudumu, zile unazozungusha kwa mkono kwenda LOCK. Zungusha mwenyewe. Zikiwa zimeganda kwa kutu maana yake ni mbili tu, ama hiyo 4x4 haijaguswa miaka, ama hakuna aliyewahi kufungua habu kuweka grisi. Jimny ya kuanzia 1998 yenyewe habu zinafungwa kwa vakyumu, kuna vipaipu vyembamba vya mpira vinapasuka vikizeeka, taa ya 4x4 inawaka dashibodi vizuri tu lakini mbele hakuvuti. Usiamini taa. Mwambie mwenzako asimame pembeni, ingiza gari kwenye mchanga au kokoto, kanyaga, aangalie tairi za mbele kama zinakwaruza ardhi kweli.

Kundi la pili ni fulu taimu, Prado 120 na 150, Defender, Discovery za zamani. Hizi zinavuta magurudumu manne muda wote na katikati kuna senta difu inayogawa nguvu, Prado 120 kwa kawaida inapeleka asilimia 40 mbele na 60 nyuma, halafu kuna swichi ya kuifunga hiyo senta difu ukiingia pabaya. Barabarani ni nzuri sana, mvua ikinyesha unahisi gari imeshika. Gharama yake ni kwamba kila kitu kinazunguka kila siku, sivi jointi za mbele (viungo vya ekseli vinavyojikunja ukikata usukani), propela ya mbele, beringi, vyote vinachoka hata kama hujawahi kutoka lami. Na Prado ina tatizo ambalo nimeliona mara nyingi mno, ile motor ya kufunga senta difu inaganda kwa kutotumika. Gari imetembea Tokyo mpaka Mbezi, hiyo swichi haijawahi kubonyezwa. Bonyeza, taa inatakiwa iwake na kutulia ndani ya muda mfupi ukiwa unasogea taratibu. Ikipepesa bila kutulia baada ya mita kadhaa na kuyumbisha usukani kidogo, hesabu hiyo kazi kwenye bei. Pajero ya Super Select iko kati kwa kati, unaweza kuendesha 2H ya kuvuta nyuma tu, ukaenda 4H hata kwenye lami, halafu ukaifunga kwa tope, mfumo mzuri ila jaribu nafasi zote nne za lever sio moja.

Defender ya zamani watu wanaiogopa kwa kuvuja oili na kweli inavuja, ila transfa yake ya LT230 ni gia kwa gia, haina cheni, na gia yake nzito ni 3.32, kwa hiyo inashuka mlima taratibu bila kugusa breki. Ukiweka oili na kuikagua kiwango inadumu sana. Aliyeiua mara nyingi ni aliyeacha iishiwe oili.

Kundi la tatu ni RAV4, X-Trail, Forester na wenzao. Sio gari mbaya, nasema wazi, kwa murram na mvua ya kawaida zinatosha na zinakula mafuta vizuri. Ila kwa kawaida hazina gia nzito ya L4, na nyingi nguvu ya nyuma inapitia kapling (klachi) ndogo inayopata joto. Ukihangaika kwenye tope dakika kumi mfululizo kapling inachemka, kompyuta inakata nyuma, unabaki na gari ya kuvuta mbele tu, na hapo ndo unapozama. Ikiwa na CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ongeza umakini, ule mkanda wa chuma (au cheni) ndani unategemea oili safi ya aina yake, mtu akishaweka hydroliki ya kawaida kwa sababu ni bei rahisi, giaboksi imeshaanza kufa hata kama leo inatembea. Mimi kwa njia ya mlima na mzigo ningechagua yenye otomatiki ya kawaida ya zamani au manyuo kabla ya CVT.

Sasa tuingie chini. Nenda na boksi la kulalia, tochi, na kitambaa cheupe. Waambie wasioshe gari chini, ukikuta imeoshwa injini na chini inang'aa uliza kwa nini, oili mpya inayovuja huwa inafutwa asubuhi.

Shika propela kwa mikono miwili, izungushe kidogo huku na huku halafu isukume juu chini. Mchezo (kulegea) mdogo sana wa kuzunguka ni wa kawaida, ule wa juu chini haukubaliki, hiyo ni krosi imekwisha. Angalia mpira wa sivi jointi, ukiwa umepasuka na grisi imerushwa kwenye rimu ndani, ujue mchanga umeshaingia. Angalia sili za difu (mipira inayozuia oili isivuje) mbele na nyuma, na ule mdomo mdogo wa kupumulia juu ya difu. Huo watu hawaujui kabisa. Difu ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji, hewa ya ndani inapoa na kuvuta, kama bomba la kupumulia limeziba kwa tope basi inavuta maji kupitia sili.

Na hapa ndo penye ukweli wote: omba fundi afungue nati ya kujazia oili kwenye difu ya nyuma na nati ya chini yenye sumaku. Muuzaji anayejiamini atakubali. Chovya kidole, paka kwenye kitambaa cheupe. Oili ya kahawia au nyeusi kidogo ni uzee tu, badilisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi huenda zimeshaanza kula kutu. Sumaku ikiwa na uji wa kijivu laini kama grisi, sawa, ni msago wa kawaida. Ukitoa kipande unachoweza kukishika kwa kucha, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele, hilo ni jino. Funga nati, shukuru, nenda kwingine, hata kama bei imeshuka nusu.

Barabarani endesha kwanza na redio imezimwa na vioo chini. Mlio wa kulia unaopanda ukikanyaga na kubadilika ukiachia mafuta unatoka difu, ule usiobadilika ukikanyaga lakini unabadilika ukikata kona unatoka beringi ya gurudumu. Kata usukani wote kulia zunguka taratibu, halafu kushoto, tak-tak-tak ni sivi jointi. Toka mbele ingia reverse mara tatu, ukisikia "dung" zito kila mara kuna mchezo mahali. Kisha tafuta udongo, weka L4, panda kitu chenye mwinuko, kanyaga kwa nguvu. Hapo ndo ile cheni ya mjomba ingeongea.

Tairi nazo pima. Kwenye Forester na fulu taimu zote, tairi tofauti za saizi, au mbili mpya na mbili zilizoisha kabisa, zinaifanya kapling au senta difu ifanye kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja. Ukikuta gari ya hivyo na usukani unakaza kwenye kona za kupaki, usichukulie kama jambo la kubadilisha tairi tu, uharibifu unaweza kuwa umeshatokea ndani.

Kabla hujalipa piga simu dukani, Ilala Gerezani au popote unaponunua spea, uliza wana sili, krosi na transfa ya modeli hiyo na bei gani. Gari imara ambayo krosi yake inaagizwa nje inakulaza kijijini muda ule ule na gari mbovu. Kwa hili Toyota anashinda kwa mbali Tanzania.

Ukishanunua, wiki ile ile mwaga oili zote, giaboksi, transfa, difu mbili, weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, difu nyingi ni 80W-90 ya GL-5. Rudia kila kilomita 40,000, na kama unavuka maji mara kwa mara punguza nusu. Fundi akimaliza chukua rangi nyeupe uandike kilomita na tarehe juu ya difu yenyewe, na kila mwezi hata kama kiangazi kimekauka peleka gari kwenye udongo, weka H4 kisha L4, tembea mita mia tatu, zima, rudi nyumbani.