Jinsi ya kuona uhariri wa RNA kwenye vichwa vya nzi wa matunda

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili aliyeamini amepata eneo jipya la uhariri, yaani mahali ambapo herufi moja ya RNA (nakala ya jeni) hubadilishwa. Lilikuwa kosa la hatua ya 4, na wiki nzima ilikuwa imeshapotea.

Nzi wa matunda ana jeni moja tu ya kimeng'enya cha ADAR. Kimeng'enya hicho hugeuza adenosini (herufi A) kuwa inosini ndani ya RNA, na ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, huisoma inosini kama herufi G. Ndiyo maana protini ya neva hutoka tofauti na ilivyoandikwa kwenye DNA.

1. Anza na jeni ya Rdl, kipokezi cha GABA, kemikali inayotuliza neva. Uhariri mmoja huondoa asidi amino ya arginini kwenye nafasi ya 122 ya protini na kuweka glisini, na kipokezi hupoteza sehemu ya usikivu wake kwa GABA. Tumia nzi wazima. Kwa viluwiluwi maeneo mengi bado hayajahaririwa sana.

2. Gandisha nzi kwa naitrojeni ya maji, tikisa, chekecha. Vichwa ni vya RNA. Miili usitupe!

3. Toa RNA, tengeneza cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo, ambamo inosini pia huonekana kama G), fanya PCR kuzidisha eneo unalolitaka, kisha soma mfuatano wake.

4. Hapa ndipo watu huumia. Vilele vya A na G vikikaa mahali pamoja kwenye grafu ya mfuatano, bado hujathibitisha uhariri. Huenda nzi wako wana aleli (matoleo ya jeni) mbili, moja yenye A na nyingine yenye G. Kwa hiyo toa DNA kwenye ile miili uliyoihifadhi, usome eneo lilelile: lazima ikupe A peke yake. Usitegemee jenomu ya kwenye kanzidata, kwani hiyo si ya nzi wako. Pia DNA iliyobaki kwenye RNA huongeza A na kushusha kiwango cha uhariri bila wewe kujua. Isafishe kwa kimeng'enya cha kukata DNA, weka praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) pande mbili za introni (sehemu ya jeni inayoondolewa kwenye RNA), na kila mara endesha mrija mmoja usio na kimeng'enya cha kutengeneza cDNA. Mrija huo ukitoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli), rudia usafishaji.

5. Ili kupata kiwango cha uhariri, gawanya urefu wa kilele cha G kwa jumla ya A na G. Soma nyuzi zote mbili za DNA. Upande wa pili utaona T na C.

6. Kidhibiti (kundi la kulinganishia) ninachokiamini kuliko vyote ni nzi wasio na Adar, jeni ya kimeng'enya kile. Utawatambua: hutembea kwa kuyumba, joto huwapoozesha, na ubongo wao huharibika wanapozeeka. Jeni iko kwenye kromosomu ya X, hivyo chukua madume, wenye X moja tu. G ikiendelea kuonekana hata kwao, rudi hatua ya 4.