Jinsi ya kuhudhuria Soma Nomaoi, sikukuu ya farasi na samurai huko Fukushima, Japani

Anza na tarehe, maana hapo ndipo wengi huteleza. Maelezo mengi ya zamani bado yanasema sikukuu hii hufanyika mwishoni mwa Julai. Tangu 2024 imehamishiwa wikendi ya mwishoni mwa Mei, Jumamosi hadi Jumatatu, kwa sababu joto la Julai lilifikia kuua farasi. Thibitisha tarehe za mwaka wako kabla ya kulipia ndege. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ashughulikie viza mapema, kwa kuwa hatapewa uwanja wa ndege.

Shughuli zenyewe ziko katika miji ya Soma na Minamisoma, na kituo cha kushukia ni Haranomachi, kwenye reli ya Joban. Ukitoka Tokyo, panda treni ya haraka iitwayo Hitachi, ila hakikisha ni ile inayofika Sendai, jiji lililo kaskazini ya Haranomachi. Nyingi huishia Iwaki, na ukishuka hapo utasubiri sana treni ya kuendelea. Safari ni takriban saa tatu na nusu, na siti huwekwa mapema. Vyumba vya Haranomachi huisha miezi kadhaa kabla, kwa hiyo walio wengi hulala Sendai na kuondoka alfajiri.

Jumamosi wapanda farasi huagwa katika mahekalu matatu ya Shinto, dini ya jadi ya Japani: Nakamura, Ota na Odaka. Huwezi kuyawahi yote, chagua moja. Kama una siku moja tu, iache Jumamosi uje Jumapili.

Jumapili msafara huanza kama saa tatu na nusu asubuhi. Ni farasi karibu mia nne, kila mpandaji kavaa deraya kama samurai, askari wa kale wa Japani, na kabeba mgongoni bendera yenye alama ya ukoo wake, huku mabaragumu ya kombe yakilia. Fika saa nzima kabla ya kuanza. Simama upande wa barabara utakaokuruhusu kwenda uwanjani, kwani msafara ukishaanza kupita, huvuki. Kumkatiza samurai njia ni utovu wa adabu, na utakemewa hadharani, mgeni au si mgeni. Usiutazame msafara kutoka ghorofani wala juu ya ukuta, maana kuwaangalia kwa juu ni kuwadharau. Zima mwanga wa kamera na usifungue mwavuli karibu na farasi. Wengi wao si farasi wa barabarani, na kitu kinachofunguka ghafla huwashtua wakarusha mateke. Vaa viatu vya kufunika vidole. Sababu utaiona mwenyewe barabarani.

Baada ya hapo nenda uwanja wa Hibarigahara, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka kituoni. Kiingilio ni kwa tiketi, basi beba yeni taslimu. Tandika turubai lako kwenye mteremko wa nyasi (hapa kukaa juu hakumkeri mtu), vaa kofia, na chukua maji ya kutosha kwa sababu kivuli ni haba. Saa sita mchana ni mbio za mita 1,000: wapandaji huvua helmeti, hufunga kitambaa cheupe kichwani, na bendera za mgongoni huvuma kwa upepo.

Saa saba ndiyo kilele. Fataki hulipuka angani na kuachia bendera mbili zinazoshuka polepole, na mamia ya wapandaji hukusanyika chini yake, mijeledi juu, kila mmoja akitaka kuinasa. Usiangalie bendera kwa muda mrefu. Fuata farasi, kwa kuwa upepo huipeperusha na kundi zima hugeuka ghafla. Aliyeinasa hupanda mbio njia ya kona kona kilimani kwenda kupokea zawadi. Ukikaa karibu na njia hiyo utamwona usoni. Bendera ni arobaini kwa jumla, hivyo usihangaike ukikosa picha za mwanzo.

Wageni wengi huondoka jioni hiyo na kuikosa Jumatatu, siku ambayo kwa maoni yetu inafaa zaidi kubaki kwa ajili yake. Shuka kituo cha Odaka, tembea hadi hekalu la Odaka. Farasi wasio na tandiko huingizwa ndani ya uzio, na wanaume waliovaa nyeupe huwakamata kwa mikono mitupu. Farasi wa kwanza hutolewa kwa hekalu. Eneo ni dogo na watu husongamana, kwa hiyo fika kabla ya saa tatu asubuhi usimame mbele. Angalia ratiba ya treni ya kurudi kabla hujaingia, maana hapo Odaka hazipiti mara kwa mara.