Mizani kwanza, kikokotoo baadaye: ninavyopiga hesabu ya dozi dirishani

Kikokotoo kiweke chini kwanza. Wanafunzi wa famasi wanaokuja kujifunza kazi kwangu hapa Morogoro huwa na haraka ya kubonyeza namba, na mara nyingi kuzidisha na kugawanya kwao hakuna kasoro. Kinachowaangusha ni namba walizoanza nazo: uzito wa kukisia, chupa ambayo lebo yake haijasomwa, au "kwa siku" iliyosomwa kama "kwa kila dozi". Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo hayo.

Tuanze na uzito. Ukimuuliza mama, "Mtoto ana kilo ngapi?" atakujibu, "Ana mwaka na miezi miwili." Kadi ya kliniki inasaidia, ila angalia tarehe: kilo za miezi minne iliyopita si za leo, hasa kama mtoto ametoka kuharisha. Mizani yangu ni ile ya kawaida ya kusimama. Mama anapanda amembeba mtoto, nasoma. Anampa mtu amshike, anapanda peke yake, nasoma tena, kisha natoa. 62.5 kutoa 51.5, mtoto ana kilo 11. Pasipo na mizani kabisa, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10, jumlisha 4 kwenye umri wake kisha zidisha kwa 2. Wa miaka 3 anapata kilo 14. Ni makadirio tu, na kwa mtoto mwenye utapiamlo usiyategemee.

Sasa huyu wa kilo 11 ana homa na ameandikiwa paracetamol ya maji. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila mara anapokunywa, yaani kati ya 110 na 165. Kabla ya kwenda mbele, shika chupa yenyewe, ile utakayompa, usome lebo. Iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, sawa na 24 kwa kila mililita. Gawanya: 110 kwa 24 ni 4.6, na 165 kwa 24 ni 6.9. Mimi nitampa mililita 6, ambazo ni miligramu 144, yaani 13 kwa kilo. Akinywa mara nne ndani ya saa 24, bila kukaribiana kuliko saa nne, jumla ni 576, chini ya kikomo cha 60 kwa kilo kwa siku ambacho kwake ni 660.

Ila kuna chupa nyingine rafuni yenye miligramu 250 katika mililita 5. Mililita zilezile 6 kutoka humo ni miligramu 300, zaidi ya maradufu. Kuna na matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 kwa kila mililita. Humo 6 zinakuwa 600. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "mpe mililita sita" bila kutaja ni za chupa ipi. Kwenye karatasi andika miligramu, halafu nguvu ya dawa, halafu mililita.

Kijiko cha nyumbani kisahau. Vijiko vya chai havina ukubwa mmoja. Mpe mama bomba la sindano lisilo na sindano, chora mstari wa kalamu kwenye 6, na mwombe avute dawa mbele yako.

Mtego wa pili ni "kwa siku" na "kwa dozi". Amoksilini ya nimonia kwa mtoto chini ya miaka mitano ni miligramu 80 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Mtoto wa kilo 12.5 anahitaji 1,000 kwa siku, yaani 500 asubuhi na 500 jioni: vidonge viwili vya 250 vya kuyeyusha kwenye maji, kila mara. Aliyeisoma 80 kama ya kila dozi atampa vinne asubuhi na vinne jioni. Hesabu yake itakuwa safi kabisa, na dozi itakuwa mara mbili.

Kuna dawa ambazo hupaswi kuzipigia hesabu hata kidogo, kwa sababu wenzako walishaipiga. Dawa ya mseto ya malaria, ALu ya 20/120 (miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini kwa kidonge), inakwenda kwa makundi ya uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, zinazobaki asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Akitapika ndani ya saa moja, arudie.

Artisuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, inafundisha jambo lingine. Mwenye kilo 20 na zaidi anapata miligramu 2.4 kwa kilo. Aliye chini ya 20 anapata 3. Kwa hiyo mtoto wa kilo 18 anapata 54, na wa kilo 20 anapata 48. Wanafunzi hudhani nimekosea kuandika. Sikukosea: miili ya watoto wadogo huiondoa dawa hii upesi, na kwa 2.4 walikuwa wanapunjwa. Angalia pia namna ya kuichanganya. Kichupa cha miligramu 60 kinapewa ujazo wa mililita 6 kikienda kwenye mshipa na 3 kikienda kwenye msuli, hivyo mililita moja ina 10 au 20. Huyo wa kilo 18 anahitaji 5.4 au 2.7.

Kwa wazee, kilo peke yake haitoshi, kwa sababu figo huchoka taratibu bila kelele. Fomula ninayotumia kukadiria kasi ya figo kusafisha damu ni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo, gawanya kwa (72 mara kreatinini), na kwa mwanamke zidisha jibu kwa 0.85. Kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huiondoa, hapo iwe miligramu kwa desilita; maabara ikikupa mikromoli kwa lita, gawanya kwanza kwa 88.4. Chukua bibi wa miaka 78, kilo 46, kreatinini 133. Hiyo ni 1.5. Basi 62 mara 46 ni 2,852. Gawanya kwa 108 ni 26.4, mara 0.85 ni mililita 22 kwa dakika. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 75 na kreatinini hiyohiyo anapata 80. Karatasi ya maabara inaonyesha namba moja kwa wote wawili! Bibi huyo akiwa na cheti cha metformin, dawa ya kisukari, simpi, nampigia daktari.

Wajawazito nawapitia haraka, maana kwao swali kubwa ni kama dawa inafaa. Angalia tu asidi ya foliki: ya miligramu 5 hudhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria wanayopewa wajawazito, ya 0.4 haina shida. Mtu mnene akiandikiwa jentamaisini, antibiotiki ya sindano, usitumie kilo zote. Chukua uzito unaolingana na urefu wake, ongeza asilimia 40 ya kilo zilizozidi hapo.

Mwisho rudi kinyumenyume. Chukua mililita ulizopata, zigeuze miligramu, gawanya kwa kilo, uone kama unaangukia palepale. Mkiwa wawili, mwenzako apige yake bila kuona jibu lako. Kichanga wa miezi miwili, kilo 4, jentamaisini 7.5 kwa kilo: ni 30, na ampuli (kichupa cha kioo cha dawa ya sindano) ina 80 katika mililita 2, kwa hiyo 0.75, ivute kwa bomba la mililita 1. Andika sifuri kabla ya nukta, wala usiandike 5.0 badala ya 5. Nukta ikihama, jibu linakuwa 7.5 na utajikuta unavunja ampuli ya nne kwa mtoto wa kilo 4. Ukifika kwenye ampuli ya pili tu, simama.