Jinsi ya Kupima Iwapo Piroksikamu Inazuia Vivimbe vya Utumbo kwa Panya

Piroksikamu ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe; hapa tunaijaribu kwa panya wa Min. Panya hawa wa maabara, walioripotiwa nchini Marekani mwaka 1990, wana hitilafu katika jeni ya Apc, ileile ambayo kwa binadamu huleta polipi (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) za kurithi. Tofauti ni kwamba vivimbe vyao hujaa zaidi kwenye utumbo mwembamba kuliko utumbo mpana.

Hatua ya 1. Kwa sisi tunaofanya kazi Uganda, tafuta kwanza kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako na cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia.

Hatua ya 2. Pandisha dume wa Min kwa majike wa kawaida wa ukoo wa C57BL/6, kwani majike wa Min huishiwa damu. Takriban nusu ya watoto hurithi hitilafu hiyo, nawe utawatambua kwa PCR, yaani kipimo cha DNA. Wagawe kwa bahati nasibu katika kundi la dawa na kundi lisilopewa dawa, ndugu wa uzao mmoja wakiingia katika makundi yote mawili.

Hatua ya 3. Changanya piroksikamu kwenye chakula cha kundi la dawa; miligramu 200 kwa kilo ya chakula ni kipimo kilichokwisha kutumika. Kama chakula kinasagwa hapahapa kwa mahindi, pumba na mukene (dagaa), saga cha jaribio zima kwa mkupuo mmoja, maana mafuta yakibadilika, idadi ya vivimbe nayo hubadilika. Pima chakula kinachobaki, na uzito wa kila panya, kila wiki. Dawa hii huumiza tumbo, na panya anayekula kidogo hupata vivimbe vichache hata bila dawa. Asiyepima ulaji huenda akaisifu piroksikamu kwa kazi iliyofanywa na njaa.

Hatua ya 4. Baada ya kumuua panya kwa njia iliyoidhinishwa, osha utumbo kwa maji ya chumvi baridi, upasue kwa urefu, utandaze juu ya karatasi ya kuchujia na uulaze usiku kucha katika formalini ya asilimia 10. Utie rangi ya methilini bluu ya asilimia 0.2, kisha uhesabu vivimbe kwa hadubini. Hapa ndipo wengi huteleza: mabaka ya Peyer (tishu za kinga za kawaida kwenye ukuta wa utumbo) nayo yameinuka, lakini ni vilima kadhaa vilivyokusanyika upande wa utumbo usioshikwa na utando unaoushikilia tumboni. Anayehesabu asijue kundi la panya.

Hatua ya 5. Kwa kuwa dawa huumiza tumbo, fungua na mfuko wa chakula pia. Vidonda utakavyovikuta viandikwe katika jedwali lilelile la vivimbe.