Namna ya kumuuliza mtu alichokula jana

Huku Mikindani, Mtwara, naanza na shikamoo, kisha naomba ridhaa, asipotaka, naaga. Simuulizi mama "umekula mara ngapi?", maana atasema tatu ili kunifurahisha. Namwacha ataje mwenyewe, tangu alipoamka jana hadi alipoamka leo, bila kumkatiza. Ndipo narudi kwenye vinavyosahaulika: ming'oko (mizizi ya porini) aliyotafuna njiani, bibo (tunda la mkorosho) alilofyonza shambani, mchuzi alioonja jikoni. Hapo orodha hurefuka kweli! Kiasi tunapima kwa bakuli lake, si langu. Halafu nauliza sababu ya kula: ilikuwa njaa, mawazo, au mgeni tu kaja? Usiseme "vizuri", akiona unasifu mboga, wali utapungua kwenye maelezo. Kama jana palikuwa na msiba au unyago, andika pembeni.