Kupika IPA kali ya asilimia 8 nyumbani

IPA (India pale ale) ni bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu. IPA kali, ile Wamarekani wanayoiita imperial au double, ilizaliwa California: Vinnie Cilurzo aliipika katika kiwanda cha Blind Pig, Temecula, mwaka 1994, kisha akaipatia umaarufu kwa bia ya Pliny the Elder katika kiwanda cha Russian River. Wengi wanaoijaribu nyumbani hudhani shughuli yote ni kurundika hopsi. Hopsi ni pesa tu. Shughuli ni kuifanya bia nzito iwe kavu mdomoni, na kuikinga na hewa ikishachachuka. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Naandika kwa walioko Marekani, ambako sheria ya shirikisho tangu 1979 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kupika galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757 hivi. Kunywa na kugawa, sawa. Kuuza, hapana, hata kwenye sherehe ya shemeji.

Vitu vya kupata takriban lita 19

Kimea cheupe cha shayiri kilo 6, crystal 40 (kimea chenye ladha ya karameli) gramu 200, Carapils (kimea cha kusaidia povu) gramu 200, sukari ya mahindi gramu 450. Hopsi: Magnum gramu 30, Centennial gramu 60, Simcoe gramu 130, Citra gramu 70. Hamira kavu ya US-05, pakiti 2 za gramu 11.5.

Msiongeze crystal. Ndiyo inayofanya IPA nyingi za nyumbani zionje kama sharubati ya kikohozi. Na msiiondoe sukari mkidhani ni ubahili: inachachuka yote, inaongeza ukali bila kuacha uzito.

Hatua ya 1: Maji. Andaa lita 35. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo saga nusu kidonge cha Campden ukoroge humo. Kama maji yenu ni laini, mfano ya Portland, Oregon, weka gramu 8 za jasi (gypsum) ya kutengenezea bia. Uchungu wa hopsi utakuwa mkavu zaidi na hautang'ang'ania ulimini.

Hatua ya 2: Kuloweka kimea. Pasha lita 18 hadi nyuzi 72 (zote humu ni za Selsiasi), mimina kimea kilichosagwa huku ukikoroga mabonge yaishe. Joto litatulia kwenye 65. Funika dakika 75. Usiruhusu lipande hadi 68, maana hapo hutengenezwa sukari ambazo hamira haiziwezi, na ukavu tunaoutafuta unapotea kabla hata hujawasha moto wa kuchemshia. Chuja, suuza machicha kwa maji yaliyobaki, upate kama lita 28.

Hatua ya 3: Kuchemsha. Dakika 60. Magnum iingie mwanzoni, sukari dakika 10 za mwisho. Zima moto, poza hadi nyuzi 80, ndipo uweke Centennial yote na Simcoe gramu 60. Koroga taratibu, acha dakika 20. Kwenye joto hilo mafuta ya harufu hayapeperuki ovyo na uchungu hauongezeki sana.

Hatua ya 4: Kupoza na kuchachusha. Poza haraka kwa koili ya shaba hadi nyuzi 18. Haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika kikilinganishwa na maji, isome karibu 1.072. Kuanzia hapa kila chombo kiwe kimetakaswa. Tikisa maji ya kimea yapate hewa (ni mara ya mwisho hewa kukaribishwa), weka pakiti zote mbili za hamira. Shikilia nyuzi 18 hadi 19 siku nne za kwanza, kisha acha ipande hadi 21 imalize. Ikichachuka joto sana, pombe itachoma koo.

Hatua ya 5: Hopsi za baridi. Subiri haidromita ifike 1.012 hivi. Weka Simcoe iliyobaki na Citra yote, funga haraka. Siku nne zinatosha. Zikizidi sana, bia huanza kuonja majani mabichi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya zamani havikulitilia maanani. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ngumu zilizoshindikana, na hamira ikipata chakula kipya inaamka. Ukijaza chupa wakati huo, chupa zinaweza kupasuka. Pia bia inaweza kunuka siagi. Kwa hiyo pima, kaa siku tatu, pima tena. Namba isiposhuka na harufu ya siagi haipo, iweke kwenye friji siku mbili mashapo yazame.

Hatua ya 6: Chupa. Chemsha gramu 110 nyingine za sukari ya mahindi kwenye maji kidogo (ndiyo itakayotengeneza gesi ndani ya chupa), mimina kwenye ndoo safi, kisha hamisha bia kwa mrija ambao mdomo wake uko chini kabisa ya ndoo. Isichuruzike, isitoe povu. Hewa ikiingia, ile harufu ya chungwa na msonobari uliyoilipia inafifia ndani ya wiki chache na rangi inageuka kahawia. Jaza chupa za kahawia, acha nafasi ndogo shingoni, ziba.

Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Weka zote kwenye nyuzi 21 wiki mbili. Ile ya plastiki ukiibinya isibonyee, hamishia zote kwenye friji na uanze kunywa. Bia hii haifai kuhifadhiwa.